Mvuke, Kimiminika na Programu: Utangulizi kwa Anayeanza

Mtungi wa gesi wa kilo 6, ule ambao Nairobi nzima huuita meko, haujajaa gesi. Ukiutikisa utasikia kimiminika kikigonga kuta. Karibu uzito wote unaolipia dukani River Road ni wa kimiminika hicho, nacho ni mchanganyiko wa haidrokaboni mbili hasa: propani, ambayo katika shinikizo la hewa la pwani huchemka kwenye nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri, na butani, ambayo huchemka karibu na sifuri yenyewe. Juu ya kimiminika kumetanda mvuke, na mvuke huo ndio unaopanda hadi kwenye kichomeo. Mpishi haoni tofauti yoyote. Hata hivyo, kila dakika jiko linapowaka, mtungi unafanya kazi ile ile ya minara mirefu ya viwanda vya kusafishia mafuta: unatenganisha.

Tuseme kimiminika kina propani na butani nusu kwa nusu kwa hesabu ya molekuli, na halijoto ni nyuzi 20. Propani ikiwa peke yake kwenye joto hilo hutoa shinikizo la karibu baa 8.4, butani baa 2.1. Kila moja ikichangia kwa kadiri ya sehemu yake, propani italeta baa 4.2 na butani kidogo zaidi ya baa 1, jumla baa 5.2 hivi. Gawanya 4.2 kwa 5.2. Mvuke una propani asilimia 80, ingawa kimiminika kilichouzaa kina asilimia 50 tu. Ndiyo maana kadiri siku za mapishi zinavyopita, kinachobaki chini huzidi kuwa butani. Asubuhi ya Julai kule Kinoo au Kikuyu, halijoto ikishuka hadi nyuzi 10, shinikizo la butani ni kama baa 1.5 tu, na kimiminika kinapovukiza hujipoza chenyewe, shinikizo likazidi kushuka. Mwali hulegea ilhali mtungi ukitikiswa bado una kitu ndani. Lawama kwamba gesi imepunjwa huwa na msingi mara nyingine, na mizani ndiyo ya kuamua. Lakini mwali dhaifu peke yake si ushahidi, kwa sababu maumbile ya mchanganyiko yanatosha kuueleza.

Kanuni niliyoitumia ilitolewa na François-Marie Raoult, mkemia Mfaransa wa Grenoble, katika miaka ya 1880. Inasema kwamba katika mchanganyiko kila dutu huchangia shinikizo la mvuke kulingana na wingi wake, bila kujali imezungukwa na nani. Propani na butani ni molekuli za ukoo mmoja, kwa hiyo kanuni hiyo inazifaa sana. Uwanja ninaokukaribisha unaanza kwa Raoult, lakini utamu wake wote uko pale Raoult anaposhindwa, yaani pale molekuli zinapochagua majirani: zinapovutana na za namna yao na kuzikwepa nyingine, au kinyume chake. Programu za uigaji wa michakato ni chombo cha kuhesabu upendeleo huo kwa kasi isiyowezekana kwa mkono. Nasema chombo kwa kukusudia. Programu itakupa jibu kila mara, lakini haijui jinsi molekuli ulizozitia ndani zinavyohusiana. Kujua hilo ni kazi yako, na sehemu kubwa ya utangulizi huu ni juu ya kazi hiyo.

Namwandikia mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali na michakato wa Chuo Kikuu cha Moi, mwanafunzi wa kemia aliye katika kampasi ya Chiromo, Nairobi, na pia yule fundi wa Kirinyaga Road anayeungia watu matangi na mabomba ya chuma cha pua, ambaye huulizwa na wateja tangi liwe na ukubwa gani. Hesabu zinazohitajika kwa kuanzia ni za shule ya upili. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu wa kuuliza swali moja mara kwa mara: nimechanganya nini na nini?

Tuanze na kile ambacho programu inakifanya. Unachora mkondo unaoingia na kutaja dutu zilizomo, kiasi cha kila moja, halijoto na shinikizo. Unauelekeza kwenye chombo. Chombo rahisi kuliko vyote ni tangi la kutenganishia: mchanganyiko unaingia, mvuke unatokea juu, kimiminika kinatokea chini. Programu inatafuta mgawanyo utakaotimiza masharti matatu kwa pamoja: hakuna molekuli iliyopotea wala kuzuka, joto lililoingia ni sawa na lililotoka, na kila dutu imefikia msawazo kati ya mvuke na kimiminika. Sharti hilo la tatu ndilo gumu. Kwa kila dutu kuna uwiano wa sehemu yake katika mvuke kwa sehemu yake katika kimiminika. Kwa propani katika mfano wetu uwiano huo ni 1.6, kwa butani ni 0.4. Ukizijua namba hizo, mlinganyo mmoja uliochapishwa na Rachford na Rice mwaka 1952, enzi ambapo kompyuta za kidijiti ndiyo kwanza zinaingia kazini, unakuambia ni sehemu gani ya mkondo itakayogeuka mvuke. Programu za leo bado zinautumia.

Mnara wa ukenekaji, yaani wa kuchemsha na kutonesha mara nyingi mfululizo, ni matangi kama hayo yaliyopangwa juu kwa juu, mvuke ukipanda na kimiminika kikishuka, vikikutana kwenye kila sahani. Mwaka 1925 McCabe na Thiele walionyesha jinsi ya kuhesabu idadi ya sahani kwa penseli, rula na karatasi ya grafu. Nakusihi ufanye zoezi hilo kwa mkono mara moja kabla ya kugusa kompyuta. Anayeichora mwenyewe ngazi ya grafu hiyo, ambayo kila hatua yake ni sahani moja, huona kwa macho yake kwamba pale mstari wa msawazo unapoukaribia mshazari, yaani mstari ambapo mvuke na kimiminika vina viwango sawa, hatua huwa fupi, sahani huongezeka na gharama hupanda. Aliyeanza na programu huipokea idadi ya sahani bila kujua imetoka wapi.

Programu zenyewe zilisukumwa mbele na shida. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Marekani ilianza kutafuta njia za kubuni viwanda vya nishati kwa haraka, na mwaka 1976 chuo cha MIT, kwa fedha za serikali, kilianzisha mradi ulioitwa ASPEN chini ya Profesa Lawrence Evans. Mwaka huo huo, huko Alberta nchini Kanada, Ding-Yu Peng na Donald Robinson walichapisha mlinganyo wao wa gesi na vimiminika ambao hadi leo ni miongoni mwa ile inayotumika zaidi katika sekta ya mafuta. Mwaka 1981 mradi wa MIT ulizaa kampuni ya AspenTech. Shida ile ile ya mafuta iliisukuma Kenya pia: mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, na miaka ya 1980 petroli ya Nairobi ikaanza kuchanganywa na ethanoli ya miwa. Kwa hiyo asitokee mtu wa kukuambia kwamba elimu hii ni ya mbali. Wahandisi wa hapa na wa kule walikuwa wakilijibu swali moja katika miaka ile ile.

Kabla ya kuingia kwenye ethanoli, nataka kukuonya juu ya jambo dogo linalowaponza wengi. Ukifungua programu yoyote, shinikizo linalojijaza lenyewe ni kilopaskali 101.325, ambalo ni la usawa wa bahari. Linafaa Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kilopaskali 82 au 83. Maji ya chai River Road huchemka karibu nyuzi 94, na ethanoli safi huchemka karibu nyuzi 73 badala ya 78 zilizoandikwa vitabuni. Tangi lililo wazi kwa hewa, kipozeo kisichofungwa, jaribio la maabara ya Chiromo: vyote hivyo vinaishi kwenye shinikizo la Nairobi. Badilisha namba hiyo kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa ethanoli na maji, jozi ambayo ningependa kila anayeanza aifahamu kwa undani kuliko nyingine zote. Kule Muhoroni, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company huchukua molasi ya viwanda vya sukari, huichachusha kwa hamira, kisha hukeneka. Majimaji yaliyochacha yana pombe chini ya asilimia 10 hivi. Yaliyobaki karibu yote ni maji. Ukimwachia Raoult hesabu ya kuitenga pombe hiyo na maji, atakosea mara mbili, tena kwa njia mbili zinazopingana.

Kosa la kwanza liko chini ya mnara, mahali maji yalipo mengi. Chukua kimiminika ambamo katika kila molekuli 100, karibu 2 ni za ethanoli. Raoult anasema mvuke wake utakuwa na ethanoli asilimia 4 hivi. Vipimo vya maabara vinasema asilimia 17. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuitwa kasoro ndogo. Chanzo chake ni kwamba molekuli za maji zimeshikamana kwa nguvu, na mkia wa kaboni wa ethanoli haukaribishwi katikati yao, kwa hiyo ethanoli inasukumwa kwenye mvuke kwa nguvu zaidi ya ile ambayo ingekuwa nayo kama ingekuwa miongoni mwa wenzake. Hii ni habari njema kwa kiwanda, kwani hatua ya kwanza ya kuitoa pombe kwenye maji ni rahisi kuliko Raoult anavyodhani.

Kosa la pili liko juu, na ni habari mbaya. Kadiri ethanoli inavyozidi na maji yanavyopungua, molekuli chache za maji zilizobaki nazo hujikuta ugenini, zikasukumwa kwenye mvuke. Ethanoli ikifikia asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminika huwa na viwango sawa kabisa. Hapo mchanganyiko huchemka kama dutu moja kwenye nyuzi 78.2 kwa shinikizo la bahari, chini kidogo ya ethanoli safi. Hali hiyo inaitwa azeotropu, na kuongeza sahani hakutausogeza mchanganyiko hata hatua moja. Raoult hajui kuna ukuta huo. Ukichagua modeli yake katika programu, ukaagiza mnara wa kutoa ethanoli ya asilimia 99.9, programu itakuchorea mnara, itakupa idadi ya sahani, kipenyo na matumizi ya mvuke, na itamaliza kwa kukujulisha kwamba hesabu imekamilika bila tatizo. Mnara huo hauwezi kutoa ethanoli hiyo kwa shinikizo la hewa la mahali popote duniani. Kiwanda halisi kinachotaka ethanoli ya kuchanganywa na petroli lazima kiuvuke ukuta kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kupitisha mvuke kwenye chembe zenye vinyweleo vinavyoyanasa maji na kuiacha ethanoli ipite.

Tiba ya Raoult ni kumpa kila mwanachama wa mchanganyiko kizidishi cha kusahihisha, namba inayosema ni kiasi gani anataka kukimbia majirani zake. Ikiwa 1, Raoult yuko sahihi. Kwa ethanoli iliyozamishwa katika maji mengi, kizidishi kinazidi 4. Wilson alitoa mlinganyo wa kukihesabu mwaka 1964. Henri Renon na John Prausnitz wakatoa mwingine mwaka 1968 unaojulikana kwa herufi NRTL, ambao una sifa ya kuweza kueleza hata vimiminika vinavyokataa kuchanganyika. Milinganyo hii haibashiri kutoka hewani. Ina vigezo kwa kila jozi ya dutu, na vigezo hivyo hupatikana kwa kuilazimisha milinganyo ifuate vipimo vya maabara. Nyuma ya kila namba nzuri kwenye skrini kuna mtu aliyekaa na chupa, kipimajoto na subira. Mlinganyo wa Peng na Robinson, kwa upande mwingine, ulitungwa kwa ajili ya haidrokaboni na gesi. Unafaa sana kwa mtungi wa gesi, lakini ukitumiwa kwa ethanoli na maji bila marekebisho maalumu utapotosha.

Hapa ndipo penye mtego ninaouchukulia kwa uzito kuliko yote. Programu nyingi, zisipokuwa na vigezo vya jozi uliyoitaja, huweka sifuri na kuendelea. NRTL yenye vigezo sifuri ni Raoult yule yule aliyevaa jina jipya. Mwanafunzi ataandika katika ripoti kwamba ametumia NRTL, na atakuwa anasema kweli, ila namba zake zitakuwa za mchanganyiko usiokuwepo. Kwa hiyo fungua jedwali la vigezo kila mara, tazama kila jozi, na ukikuta sifuri usisonge mbele mpaka uwe na sababu.

Nataka kuionyesha thamani ya uangalifu huo kwa suala lililoligharimu jiji hili maisha ya watu. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru na mingine ya mashariki mwa Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Vifo vya namna hiyo vimetokea tena Kenya, kwa mfano Mei 2014 katika kaunti kadhaa. Miongoni mwa watu wanaoipika na kuinywa chang'aa, pombe kali ya kukenekwa kienyeji, kuna imani kwamba methanoli, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 65, hutoka yote mwanzo, kwa hiyo anayemwaga matone ya kwanza yuko salama. Imani hiyo inatazama viwango vya kuchemka vya dutu zikiwa peke yake na kusahau kwamba ndani ya pipa hakuna aliye peke yake.

Irudie hesabu ya juu. Katika maji mengi, kimiminika chenye ethanoli asilimia 2 kwa molekuli hutoa mvuke wenye asilimia 17. Kimiminika chenye methanoli asilimia 2 hutoa mvuke wenye asilimia 13 tu. Methanoli, yenye mkia mfupi, inaelewana na maji vizuri zaidi, kwa hiyo haina haraka ya kuondoka kama ethanoli. Katika pipa moja lililotiwa moto, ambamo maji ndiyo mengi, methanoli husambaa tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Huitangulia ethanoli vizuri mahali maji yalipokwisha, yaani karibu na kilele cha mnara mrefu wenye sahani nyingi, ambako kiwanda huweza kuivuta pembeni. Modeli ya Raoult ingekuonyesha kinyume cha haya na ingeiunga mkono imani ile. NRTL yenye vigezo vilivyopimwa inaonyesha ukweli. Tena, uchachu wa nafaka na sukari huzaa methanoli kidogo sana. Iliyoua watu ni methanoli ya viwandani iliyomwagwa ndani ya pombe ili kuiongezea ukali na faida, na hiyo hakuna ustadi wa kumwaga matone utakaoiondoa. Afisa wa afya, mwalimu au mwandishi wa habari akiielewa hesabu hii moja, atakuwa na la kuwaambia watu linalozidi makatazo.

Kuchanganya nako kuna mambo yake hata pasipo kuchemsha. Pima mililita 50 za maji na 50 za ethanoli, changanya, na utapata pungufu ya 100 kwa mililita 3 au zaidi. Chombo nacho kitapata joto mkononi mwako. Molekuli zimejipanga kwa kubanana na zimeachilia nishati. Anayeuza kwa ujazo, awe muuza manukato wa dukani au msambazaji wa spiriti, ana sababu ya kulifahamu hilo. Jambo la kushangaza zaidi ni petroli. Ethanoli peke yake, kwenye nyuzi 38, ina shinikizo la mvuke la kilopaskali 16 hivi, ilhali petroli ya kawaida ina kama 60. Mtu angetarajia kwamba kuongeza ethanoli asilimia 10, kama ilivyofanywa kwa petroli ya Nairobi kuanzia 1983, kungepunguza mvuke. Kunauongeza, kwa kilopaskali 6 au 7. Ethanoli iliyotawanywa katikati ya haidrokaboni imepoteza majirani iliozoea kushikamana nao, na inakimbia. Katika mji wa mwinuko huu, ambako shinikizo la hewa tayari ni dogo, wanaopanga mchanganyiko wa petroli hawana budi kuhesabu hilo kabla ya tangi la kwanza kujazwa.

Ukitaka mfano wa upande wa pili kabisa, tazama ukenekaji wa mafuta ya mikaratusi. Mafuta hayo na maji hayachanganyiki, na kwa hiyo kila kimoja hutoa shinikizo lake kamili kana kwamba mwenzake hayupo. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni dutu inayochemka kwenye nyuzi 176, lakini ikipigwa na mvuke wa maji hupanda nao chini ya kiwango cha maji kuchemka, ambacho kwa Nairobi ni karibu 94. Ukiigiza hili kwenye programu, iruhusu kutafuta vimiminika viwili. Usipofanya hivyo italazimisha kimoja, na jibu halitakuwa na maana.

Olkaria ni somo fupi kwa upande wa modeli, ingawa kwa nchi ndilo kubwa. Visima vyake haviko mbali na Naivasha. Maji yaliyo ardhini yamebanwa yakiwa na joto la nyuzi 250 au zaidi. Yakipanda na kupunguziwa shinikizo hadi baa 6 ndani ya tangi la kutenganishia, sehemu yake hugeuka mvuke. Nishati ya kila kilo ya maji ya nyuzi 250 ni kilojuli 1,086. Maji yanayochemka kwa baa 6 yana 670. Kugeuza kilo moja kuwa mvuke kunadai 2,086. Toa, gawanya, na utaona karibu asilimia 20 inakuwa mvuke wa kuzungusha tabo, na asilimia 80 inabaki maji ya chumvi ya kurudishwa ardhini. Kwa maji matupu modeli ya kuchagua ni majedwali ya mvuke yaliyokubaliwa kimataifa mwaka 1997. Ila kisima hutoa pia kaboni dioksidi na haidrojeni salfaidi kidogo, gesi zisizogeuka maji kwenye kipozeo, na mara zinapoingia katika hesabu majedwali ya maji matupu hayatoshi tena.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofanya kazi hiyo kuanzia 1963 hadi 2013, sitakizungumzia sana. Kilikuwa shule ya minara mikubwa kwa wahandisi wengi wa Afrika Mashariki, na kufungwa kwake kuliondoa mahali pa mazoezi. Mafuta ghafi yana dutu nyingi mno kutajwa moja moja, kwa hiyo programu huyakata katika mafungu kwa viwango vya kuchemka. Hilo ni somo la baadaye.

Vifaa vya kuanzia si ghali. Programu za kibiashara, kama Aspen Plus na HYSYS iliyozaliwa Calgary, zina hazina kubwa ya vigezo, lakini leseni zake ni za vyuo na makampuni. Nakala za wizi zisikuvute: nyingine huja na virusi, na hutaweza kuzitaja katika kazi yoyote utakayoichapisha. Ipo DWSIM, iliyoanzishwa na mhandisi wa Brazili, Daniel Medeiros. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta pakato ya mtumba kutoka maduka ya Moi Avenue au Luthuli. Ina Peng na Robinson, ina NRTL, ina majedwali ya mvuke. Faida yake kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba unaweza kuingia ndani na kusoma jinsi jibu lilivyopatikana.

Zoezi la kwanza ninalokupendekezea ni hili. Chagua ethanoli na maji, weka shinikizo la kilopaskali 82.5, na uiombe programu ikuchoree mstari wa mvuke dhidi ya kimiminika kwa modeli ya Raoult, kisha kwa NRTL, kisha kwa UNIFAC, ambayo hukadiria vizidishi kwa kuzigawa molekuli katika vipande. Ichapishe mistari yote mitatu kwenye karatasi moja. Halafu tafuta vipimo vya maabara vya jozi hiyo na uviweke nukta kwa nukta juu yake. Utaona ni modeli ipi inayozifuata nukta, na wapi.

Zoezi la pili litafika siku utakapopewa jozi ambayo vigezo vyake havimo katika programu, na kwa kazi za hapa kwetu siku hiyo huwahi kuja. Chupa ya kuchemshia yenye kipozeo, kipimajoto kizuri, kipimashinikizo na kifaa cha kupimia jinsi kimiminika kinavyopinda mwanga ni vitu vilivyomo katika maabara nyingi za kemia za vyuo. Chemsha mchanganyiko mpaka halijoto itulie, chukua matone kutoka chini na kutoka juu, pima, badilisha kiwango, rudia. Nukta kumi zilizopimwa kwa makini zinatosha kwa mwanzo. Ziingize, na programu itakutafutia vigezo vya NRTL vinavyolingana nazo. Tangu hapo mnara utakaouchora utakuwa wa mchanganyiko ulio mbele yako, kwa shinikizo la mahali ulipo.